Mwenyeheri Albert Joubert, mtoto wa ziwa aliyetoa maisha yake Fizi

Tarehe 28 Novemba inapokaribia, huku kwetu jina la Padri Albert Joubert linarudi kinywani mwa watu. Tarehe 18 Agosti 2024, Kardinali Fridolin Ambongo alimutangaza Mwenyeheri hapa Uvira pamoja na wamisionari watatu wa Italia. Lakini wengi, zaidi vijana wenye kuchimba, wanajua jina tu, maisha yake hawayajui. Sisi wa sendika tumeona ni vizuri tuyaeleze, juu yanagusa ulizo moja lenye tunalisikia kila siku kazini: mutu akitolea Mungu mateso yake, ni kusema anyamaze?

Albert alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1908 kule Saint-Louis ya Mrumbi, upande wa Moba, kusini kwa hili hili ziwa letu la Tanganyika. Baba yake alikuwa Kaptene Léopold Joubert, Mfaransa, zamani askari wa kumulinda Papa Pio wa 9. Kaptene alifika Afrika mwaka 1880 pamoja na Mapadri Weupe. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa bado na nguvu. Vijiji vilichomwa moto, watu wakafungwa minyororo, wakavushwa ziwa mpaka Ujiji, na kutoka kule wakatembezwa mpaka pwani. Tangu mwaka 1887 Kaptene alikaa Mpala, akafundisha vijana kulinda vijiji vyao, akapigana na wale waliouza watu. Mwaka 1888 alioa Agnès Atakaye, binti wa huku huku. Alikufa mwaka 1927, akiwa mzee wa miaka 85, kando ya ziwa.

Njo nyumba yenye Albert alikulia: baba mzungu, mama mweusi. Siku za Wabelgiji, mtoto wa damu mbili hakuwa na kiti kirahisi. Wazungu hawakumuhesabu kuwa wao, na watu weusi nao walimuangalia kwa mashaka. Albert alichagua upadri. Mu ile inchi ya Mpala na Moba njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa: mwaka 1917 Stefano Kaoze, mtu wa kule, alikuwa padri wa kwanza wa Kongo wa nyakati zetu. Albert naye alipewa upadri tarehe 6 Oktoba 1935.

Huku kaskazini, wamisionari Wasaveriani walifika mwaka 1958, na mwaka 1962 Uvira ikawa jimbo, na Danilo Catarzi askofu wake wa kwanza. Katika miaka hiyo Padri Albert alikuwa Fizi, kule milimani, pamoja na Padri Giovanni Didoné. Chini, kando ya ziwa, Baraka, kulikuwa Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Hawa watatu walikuwa vijana wa miaka thelathini na kitu. Padri Albert njo alikuwa mkubwa wao.

Mwaka 1964 vita ya Simba ilikuja. Mwezi wa tano Uvira ilikuwa mikononi mwao. Wengi mu ule uasi walikuwa vijana maskini, wenye waliona uhuru wa 1960 haukuwaletea kitu. Walipewa dawa, wakaambiwa risasi itakuwa maji. Askofu Catarzi na wamisionari wengine walishikwa mateka Uvira mpaka mwezi wa kumi. Lakini Fizi na Baraka zilibaki chini ya Simba. Wale wanne walijua hatari. Walibaki na watu.

Tarehe 24 Novemba askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, leo Kisangani, na hasira ikapanda. Siku 4 nyuma yake, mchana, jeep ya Simba ilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Bruda Faccin aliambiwa apande, akakataa, wakamupiga risasi. Padri Carrara alikuwa kanisani anaungamisha watu. Alitoka, akapiga magoti karibu na mwili wa mwenzake, wakamuua pale pale. Kisha wakapanda Fizi. Magaribi Padri Didoné alifungua mlango, akauawa, na Padri Albert pia. Alikuwa na miaka 56, na 29 ya upadri.

Sasa turudi kwa ulizo letu. Kanisa linafundisha, tangu barua ya Mtakatifu Paulo kwa Wakolosai, kwamba mateso ya mtu yanaweza kuunganishwa na msalaba wa Yezu na kutolewa juu ya wengine, hata juu ya adui, ili moyo wake ugeuke. Njo maana mashahidi hawahesabiwi kama watu waliokufa bule. Na huku kwetu hii si maneno ya kitabu. Kuna familia zenye babu zao walikuwa Simba, na kuna zenye babu zao walikimbia Simba, na leo wanakaa mtaa mmoja na kupokea Komunyo kwa mkono wa padri mmoja.

Lakini tuangalie vizuri nani alitoa nini. Padri Albert alitoa maisha yake mwenyewe. Hakuna mtu alimuagiza, na yeye hakumuagiza mwingine akufe. Sadaka ni ya mwenyewe kuitoa. Patron mwenye kumuambia mchimbaji avumilie juu ya mbingu, na mishahara ya miezi haijalipwa, na mbao za kushikilia shimo hazipo, yule anatoa sadaka kwa mfuko wa mwingine.

Isidore Bakanja, mfanyakazi kama sisi, anatufundisha hivyo hivyo. Alifanya kazi kwa kampuni ya Wabelgiji kule Ekwateri. Msimamizi mzungu hakutaka aonyeshe imani yake. Alimupiga fimbo mpaka mgongo ukaoza, na Bakanja akafa tarehe 15 Agosti 1909. Mbele ya kufa alisamehe, akaahidi kumuombea yule msimamizi. Lakini inspekta alipofika, Bakanja hakuficha kitu: alionyesha vidonda, akasema nani alimupiga na juu ya nini, na msimamizi akafikishwa mahakamani. Msamaha na ushahidi vilitoka kinywa kimoja.

Basi tarehe 28 Novemba, wenye kusali tusali. Tuwaombee waliowaua wale wanne, na wenye bunduki milimani leo, na hata patron mwenye moyo mgumu, ageuke. Mwenye ugonjwa wa mapafu kwa vumbi la shimo, akitaka kutolea Mungu usiku wake wa kukohoa juu ya mtu fulani, hiyo ni hazina yake na hakuna wa kumucheka. Asubuhi yake tutaenda naye mlangoni kwa mkubwa wa kazi, na karatasi ya daktari mkononi, kuuliza nani atalipa dawa.