John Hampden na kodi ya merikebu

Katika semantiki tunafundishwa kwamba neno huweza kupanuka hadi likabeba mambo ambayo mwanzoni halikuyabeba. Mfano unaonivutia kuliko yote niliupata katika maisha ya John Hampden, mwenye ardhi wa Kiingereza aliyezaliwa karibu mwaka 1595.

Baba yake alifariki mwaka 1597, akamwachia mashamba makubwa katika jimbo la Buckinghamshire. Mama yake, Elizabeth Cromwell, alikuwa shangazi wa Oliver Cromwell. Hampden alisoma Oxford, kisha sheria mjini London, na mwaka 1621 akaingia bungeni. Mwaka 1627 alifungwa kwa kukataa mkopo ambao Mfalme Charles wa Kwanza aliwalazimisha raia kumpa. Rafiki yake, Sir John Eliot, alipofungwa katika Mnara wa London, Hampden aliwaangalia wanawe. Eliot alifia humo mwaka 1632.

Tangu 1629 mfalme alitawala bila bunge, naye alihitaji fedha. Kulikuwa na desturi ya kale: wakati wa hatari, watu wa pwani walitoa merikebu, au fedha badala yake. Mwaka 1634 Charles aliidai kodi hiyo pwani. Mwaka uliofuata akaieneza hadi majimbo ya ndani. Buckinghamshire haina bahari. Kwa ardhi yake ya Stoke Mandeville, Hampden alitakiwa kulipa shilingi 20 tu, kiasi kidogo mno kwa tajiri kama yeye. Akakataa.

Kesi ilisikilizwa mwaka 1637, na kwa maoni yangu ilihusu neno moja: hatari. Ni nani mwenye haki ya kusema kwamba hatari ipo? Upande wa mfalme ulijibu kwamba ni mfalme peke yake. Wakili Oliver St John alijibu kwamba amri yenyewe ilitoa miezi 7 ya kuandaa merikebu. Palipo na muda huo, pana muda wa kuliita bunge. Mwaka 1638 majaji 7 kati ya 12 walimpa mfalme ushindi. Lakini wale 5 waliobaki waliwatia watu moyo, na wengi wakagoma kulipa. Mwaka 1641 bunge lilitangaza kodi hiyo kuwa haramu.

Tarehe 4 Januari 1642 mfalme aliingia bungeni na askari kuwakamata wabunge 5, Hampden akiwemo. Walikuwa wameshaondoka. Vita vilipoanza, Hampden aliongoza kikosi chake mwenyewe. Alijeruhiwa Chalgrove tarehe 18 Juni 1643, akafariki Thame siku 6 baadaye.

Simfanyi kuwa mtetezi wa maskini. Alitetea mali ya wenye mali, na Waingereza wengi wa wakati wake hawakuwa na kura. Hata hivyo aliona jambo ambalo sisi wanafunzi wa lugha hatupaswi kulipuuza: mtawala akiachiwa peke yake maana ya neno hatari, hatakosa kamwe sababu ya kutoza.