Padre D'Agostino na watoto wachanga walioambiwa wangoje

MNAMO Septemba 8, 1992, makao mapya ya watoto yalifunguliwa jijini Nairobi yakapewa jina la Nyumbani. Watoto wa kwanza walikuwa watatu, wote wakiwa wamepatikana na viini vya HIV. Hawakuwa na wazazi wa kuwasemea, na hapakuwa na hospitali yenye dawa ya kuwapa. Aliyewapokea alikuwa kasisi Mmarekani mwenye umri wa miaka 66, Angelo D'Agostino, ambaye kabla ya kuvaa kanzu ya upadri alikuwa daktari wa upasuaji.

Wengi humkumbuka kama mlezi wa mayatima. Hiyo ni kweli, ila ni nusu ya habari. Miaka 14 ya mwisho ya maisha yake ilikwenda sambamba na mojawapo ya mijadala mikali zaidi katika historia ya tiba: je, mtoto mchanga asiyeweza kusema ndiyo wala la apewe dawa ambayo bado haijathibitishwa kwa watoto wa umri wake, au angoje hadi ithibitishwe, ilhali karibu nusu ya walioambukizwa bila kutibiwa hawafikishi miaka miwili?

D'Agostino alizaliwa Januari 26, 1926, mjini Providence, jimbo la Rhode Island, katika familia ya wahamiaji kutoka Italia. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Tufts mwaka 1949, akajifunza upasuaji, kisha akahudumu kama daktari katika Jeshi la Anga la Marekani. Mwaka 1955 aliwashangaza waliomjua alipoiacha kazi hiyo yenye heshima na mapato mazuri, akajiunga na Shirika la Wajesuiti. Alipata upadri mwaka 1966. Wakubwa wake hawakuutupa udaktari wake. Walimruhusu asomee tiba ya magonjwa ya akili, naye akawa miongoni mwa makasisi wachache mno wa wakati huo waliokuwa pia madaktari wa taaluma hiyo. Alifundisha na kutibu jijini Washington kwa miaka mingi.

Afrika ilimjia kupitia kwa wakimbizi. Mapema katika miaka ya 1980, baada ya kuhudumu Thailand, alitumwa Afrika Mashariki kusaidia kujenga kazi ya shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, lililoanzishwa mwaka 1980. Shirika hilo ndilo lililokuja kufanya kazi pia katika kambi ya Kakuma, Turkana, iliyofunguliwa mwaka 1992, mwaka uleule wa Nyumbani. Baadaye D'Agostino alirejea Kenya kwa makazi ya kudumu, akiwa katika umri ambao wenzake wengi walikuwa wakihesabu siku za kustaafu.

Wazo la Nyumbani lilizaliwa kwenye meza ya kikao. Kasisi huyo alikuwa mwanakamati wa makao makubwa ya mayatima jijini Nairobi. Watoto wachanga waliotelekezwa hospitalini walikuwa wakiongezeka, na waliopimwa na kukutwa na alama za HIV walikuwa wakikataliwa. Hoja ya kuwakataa haikuwa ya kikatili kama inavyosikika leo. Nafasi zilikuwa chache, wahudumu waliogopa, na iliaminika kwamba fedha zinazotumiwa kumlea mtoto atakayekufa zingemfaa zaidi atakayeishi. D'Agostino hakuikubali hesabu hiyo. Akishirikiana na Mary Owens, mtawa wa Loreto kutoka Ireland, aliamua kuanzisha mahali ambapo jibu la kipimo lingekuwa sababu ya kumpokea mtoto.

Hapo ndipo udaktari wake ulipomfaa, kwa maana hesabu ya waliokataa ilikuwa na kosa la kitabibu. Mtoto mchanga huzaliwa na kingamwili za mama yake. Kipimo cha kawaida cha miaka hiyo kilitafuta kingamwili, hakikutafuta virusi vyenyewe. Kwa hiyo kila mtoto wa mama mwenye HIV alionekana kuwa na HIV, hata kama hakuambukizwa. Ilibidi kungoja hadi miezi 18 hivi ndipo kingamwili za mama zitoweke na ukweli ujulikane. Ilhali hata bila dawa yoyote, watoto wengi zaidi wa akina mama hao hawaambukizwi. Maana yake ni kwamba wengi wa watoto waliokuwa wakifungiwa milango kwa sababu ya ugonjwa hawakuwa na ugonjwa huo. Nyumbani iliwalea, ikawapima tena, na waliobainika kuwa wazima wakaweza kutafutiwa familia.

Lakini walikuwepo wale ambao kipimo cha pili kilithibitisha cha kwanza. Kwao Nyumbani haikuwa na la kutoa ila lishe bora, tiba ya magonjwa nyemelezi, usafi, na mtu wa kuwashika mkono. Makaburi yaliongezeka mara kwa mara.

Lazima ikumbukwe Kenya ya miaka hiyo ilikuwa na kiu ya dawa kiasi gani. Mwaka 1990 taifa lilitangaziwa Kemron, dawa iliyotokana na utafiti wa taasisi ya KEMRI na kuzinduliwa kwa shangwe na Rais Daniel arap Moi. Wagonjwa walimiminika Nairobi. Majaribio yaliyofuata hayakuona manufaa yaliyodaiwa. Mwaka 1996 ikaja Pearl Omega, nayo ikauzwa kwa bei ya kuwafilisi watu kabla ya kuthibitishwa. Katika mazingira hayo, msimamizi wa makao yenye watoto wasio na wazazi alikuwa na jukumu zito kuliko mzazi. Mzazi akikubali mtoto wake ajaribiwe dawa, uamuzi huo una uchungu wa damu yake. Yatima husemewa na mtu aliyeajiriwa au kujitolea kumsemea, na mtu huyo akikosea hakuna wa kumuuliza. Swali hilo la ridhaa ndilo kiini cha mambo yote yaliyofuata.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani na Ufaransa walionyesha kwamba dawa ya AZT, akipewa mama wakati wa ujauzito na kujifungua, na mtoto baada ya kuzaliwa, hupunguza maambukizi kutoka takriban asilimia 25 hadi asilimia 8. Ilikuwa habari njema, ila tiba hiyo ilikuwa ndefu na ghali mno kwa Afrika. Watafiti wakaanza kutafuta njia fupi na nafuu. Katika baadhi ya majaribio yaliyofanywa Afrika na Thailand, kundi moja la akina mama lilipewa tembe zisizo na dawa ndani yake, ili ijulikane kwa hakika kama dozi fupi ilikuwa bora kuliko kutotibu kabisa.

Mwaka 1997 mjadala ulilipuka katika majarida ya tiba ya Marekani. Wakosoaji walisema jaribio kama hilo lisingeruhusiwa Boston wala Paris, kwa kuwa huko kila mama angepewa dawa iliyokwisha kuthibitishwa. Watetezi walijibu kwamba wanawake wa Afrika hawakuwa na dawa yoyote, kwa hivyo hakuna aliyenyang'anywa kitu, na kwamba jibu la haraka lingeokoa maelfu. Kila upande ulikuwa na hoja nzito. Hata hivyo hoja ya watetezi ina ufa usiozibika: ilichukulia umaskini wa mgonjwa kuwa jambo la asili, kama mvua na ukame, na kusahau kwamba bei ya dawa huwekwa na watu.

Nairobi nayo ilikuwa uwanja wa utafiti. Kati ya mwaka 1992 na 1998, wanawake wenye HIV jijini waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wanyonyeshe na wengine wawape watoto maziwa ya kopo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba kufikia miaka miwili walioambukizwa walikuwa asilimia 36.7 miongoni mwa walionyonyeshwa, na asilimia 20.5 miongoni mwa waliopewa maziwa ya kopo. Matokeo hayo yaliufundisha ulimwengu mzima. Ni vigumu hata hivyo kuzisoma takwimu hizo bila kufikiria tofauti ya watoto kati ya safu hizo mbili.

Mwaka 1999 zikaja habari kutoka hospitali ya Mulago, Kampala. Tembe moja ya nevirapine kwa mama uchungu unapoanza, na tone la dawa hiyo kwa mtoto ndani ya siku tatu, zilipunguza maambukizi karibu kwa nusu zikilinganishwa na dozi fupi ya AZT. Bei yake ilikuwa dola chache tu. Mpango wa awali ulikuwa na kundi la kupewa tembe zisizo na dawa, lakini kundi hilo liliondolewa baada ya matokeo ya Thailand mapema mwaka 1998. Baadaye utafiti huo uliandamwa na malalamiko kuhusu utunzaji wa kumbukumbu na namna madhara yalivyoripotiwa. Jopo la wataalamu wa Marekani liliuchunguza, na mwaka 2005 likaamua kwamba matokeo yake yaaminiwe. Dosari nyingine ilikuwa ya kweli zaidi: watoto walioambukizwa licha ya kupewa tone hilo mara nyingi walibaki na virusi sugu kwa nevirapine, dawa ileile waliyokuja kuihitaji baadaye ili waishi.

Kwa D'Agostino, matokeo ya Kampala yaliwahusu watoto ambao hawajazaliwa. Wake walikuwa wamekwisha kuambukizwa, na dawa za kuwaweka hai zilikuwepo Ulaya na Marekani tangu mwaka 1996. Mapema mwaka 2001, wakati kampuni ya Cipla ya India ilipoushtua ulimwengu kwa kutangaza bei ya chini ya dola moja kwa siku, Nyumbani ilitangaza kwamba ingeagiza dawa nafuu za aina hiyo bila kungoja idhini ya wenye hataza. Kasisi wa miaka 75 alikuwa anajitolea kushtakiwa. Mnamo Juni mwaka huo Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyofungua njia ya kuagiza dawa hizo.

Dawa zilipopatikana, swali la awali lilirudi kwa sura nyingine. Nyingi zilikuwa zimetengenezwa na kupimwa kwa watu wazima. Katika Afrika yote wahudumu walivunja tembe vipande viwili, vinne, wakasaga, wakachanganya na maji, wakikisia dozi kwa uzani wa mtoto. Kwa tafsiri kali ya sheria za utafiti, hilo lilikuwa jaribio lisilo na kamati, fomu wala mkaguzi. Hapa ndipo wanaotaka maadili ya tiba yawe mepesi hukwama. Sheria zilizowekwa kumlinda mtoto asitumiwe kama chombo cha majaribio ndizo zilizochangia asitengenezewe dawa, maana aliyetengwa na utafiti hutengwa pia na matunda yake. Huko Nyumbani mazishi yalipungua mno. Makao yaliyojengwa ili watoto wafe kwa heshima yakajikuta na tatizo jipya: watoto walikuwa wakikua, wakihitaji sare, vitabu na madarasa.

Shule za umma ziliwakataa. Januari 2004 Nyumbani ikaipeleka Serikali mahakamani, na kwa muda mfupi yakafikiwa makubaliano ya kuwapokea. Mwezi huohuo D'Agostino alisimama Vatican, katika kikao cha kutangaza ujumbe wa Papa wa Kwaresima, akazishutumu kampuni za dawa kwa lugha kali isiyozoeleka katika ukumbi ule. Kwa mtazamo wake, bei zao zilikuwa sawa na mauaji ya halaiki. Kampuni zilikuwa na utetezi wao kuhusu gharama za utafiti. Hakuupa uzito.

Mradi wake wa mwisho ulikuwa kijiji cha Nyumbani, Kitui, kwenye shamba la takriban ekari 1,000, ambako mayatima wangelelewa na mabibi na mababu waliofiwa na watoto wao. Aliuona ukianza. Novemba 20, 2006 aliaga dunia jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 80. Mwezi mmoja baadaye sheria ya Kenya ya kuzuia na kudhibiti HIV na Ukimwi ilitiwa sahihi. Miongoni mwa vifungu vyake ni kile kinachodai idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi kabla ya mtoto kuhusishwa katika utafiti.

Jibu la swali la kungoja lilipatikana baada ya kifo chake. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto wachanga walioanzishiwa dawa mara moja, hata kabla ya dalili, walipunguziwa hatari ya kufa kwa takriban robo tatu wakilinganishwa na waliongojeshwa kama miongozo ya wakati huo ilivyoelekeza. Shirika la Afya Duniani likabadilisha miongozo.

Siku hizi mtoto hachelewi miezi 18 kujua hali yake. Mama mfugaji anayemleta mwanawe wa wiki sita kwenye kituo cha afya cha Lokichar, kusini mwa Lodwar, hushuhudia kisigino kikichomwa na matone ya damu yakikaushwa juu ya karatasi. Kipimo chenyewe hutafuta virusi, si kingamwili. Lakini kwa miaka mingi karatasi kama hizo zimesafirishwa kutoka vituo vya mbali hadi maabara kubwa, mamia ya kilomita, na majibu kurudi baada ya wiki kadhaa, wakati malisho yamekauka na mama na mifugo wamehama.