Karamojo Bell

Walter Dalrymple Maitland Bell (8 Septemba 1880 – 30 Juni 1954), anayejulikana zaidi kwa jina la Karamojo Bell, alikuwa mwindaji wa tembo, rubani wa vita na mwandishi kutoka Uskoti. Jina lake la utani linatokana na Karamoja, eneo la kaskazini-mashariki mwa Uganda alikowinda mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hesabu alizoziweka mwenyewe aliua tembo 1,011. Kati ya hao, takriban 800 aliwaua kwa bunduki yenye mtutu wa milimita 7 tu, wakati wawindaji wengi wa zama zake waliamini kwamba tembo anahitaji mtutu mpana zaidi ya huo. Kwa sababu hiyo jina lake hutajwa hadi leo kila mara watu wanapojadili ni kaliba gani ya bunduki inayofaa kwa mnyama gani.

Maisha ya awali

Bell alizaliwa katika familia tajiri kwenye shamba la Clifton Hall, karibu na Edinburgh. Alikuwa mmoja wa watoto wa mwisho kati ya ndugu kumi. Mama yake alifariki alipokuwa na umri wa miaka 2 na baba yake alipokuwa na miaka 6, hivyo akalelewa na kaka zake. Hakupenda shule, alitoroka mara kadhaa, na akiwa na miaka 13 alianza kazi ya ubaharia.

Akiwa na miaka 16 hivi alifika Afrika Mashariki, wakati Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa. Alipata kazi ya kuwaua simba waliokuwa wakiwashambulia wafanyakazi wa reli. Bunduki yake ilikuwa ya kaliba .303 na ilipakiwa risasi moja moja.

Baadaye alikwenda Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, wakati wa mbio za kutafuta dhahabu. Huko aliishi kwa kuwinda wanyama wa jamii ya kulungu na kuuza nyama katika mji wa Dawson. Mwenzake katika kazi hiyo alimdhulumu karibu mapato yote, akalazimika kuuza bunduki yake ili apate nauli. Alirudi Afrika kwa kujiunga na kikosi cha wapanda farasi wa Kanada katika Vita ya Makaburu (1899–1902). Alitekwa baada ya farasi wake kupigwa risasi, akatoroka, kisha akatumika kama mpelelezi hadi vita ilipomalizika.

Uwindaji wa tembo

Baada ya vita Bell aliamua kuishi kwa biashara ya pembe za ndovu. Kutoka Mumias, kituo cha misafara magharibi mwa Kenya ya leo, alipita kando ya Mlima Elgon na kuingia Karamoja. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa haijaimarika katika eneo hilo, na wafanyabiashara Waswahili walikuwa wametangulia kufika huko kununua pembe.

Kazi yake isingewezekana bila wenyeji. Kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Mkaramojong aitwaye Pyjalé, mfuatiliaji hodari wa nyayo. Watu waliomwonyesha makundi ya madume wakubwa waliahidiwa mtamba, zawadi yenye thamani kubwa kwa wafugaji, na nyama ya tembo waliouawa ililiwa na watu wa vijiji vya karibu. Pembe zilibebwa na wapagazi kwa mamia ya kilomita.

Kutoka Karamoja aliendelea kuwinda Sudan, Ethiopia na Lado, eneo la magharibi mwa Mto Naili lililokuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909. Baadaye aliwinda pia Kongo na Afrika Magharibi. Alikadiria kwamba kwa kila dume aliyempata alitembea wastani wa kilomita 117, na kwamba katika mwaka mmoja alimaliza jozi 24 za viatu.

Suala la kaliba

Kaliba ni kipimo cha upana wa ndani wa mtutu wa bunduki. Wajerumani na mataifa mengine ya bara la Ulaya hukitaja kwa milimita, na Waingereza kwa sehemu za inchi. Kwa hiyo bunduki ya Mauser ya milimita 7, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1892, iliuzwa na kampuni ya Rigby ya London kwa jina la .275. Hizo ni bunduki za risasi ileile. Hii ndiyo bunduki iliyompa Bell sifa, ingawa alitumia pia .303, .318 na Mannlicher ya milimita 6.5.

Ili kuelewa kwa nini uamuzi wake uliwashangaza watu, ni lazima kukumbuka hali iliyotangulia. Katika miaka ya 1870 bunduki zilitumia baruti nyeusi, ambayo haiwezi kuisukuma risasi kwa kasi kubwa. Njia pekee ya kuongeza nguvu ilikuwa kuongeza uzito wa risasi. Frederick Selous, aliyeuawa vitani Beho Beho, Tanzania, mwaka 1917, alianza kuwinda tembo akiwa kijana kwa bunduki iliyorusha tonge la risasi la zaidi ya gramu 100. Bunduki hizo ziliumiza bega la mpigaji na kumtia woga kabla hata hajavuta kifyatulio. Baruti isiyotoa moshi ilipoanza kutumika katika miaka ya 1880, risasi ndogo ziliweza kwenda kwa kasi zaidi, lakini wawindaji wengi waliendelea kuamini mitutu mipana.

Mfano mzuri wa kulinganisha ni James Sutherland (1872–1932), Mskoti mwenzake Bell. Sutherland aliwinda kusini mwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mpelelezi wa jeshi la Jenerali Northey, lililovuka kutoka Nyasaland mwaka 1916 na kuingia upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, hadi Tukuyu. Yeye alipendelea bunduki ya mitutu miwili ya kaliba .577, na katika maisha yake aliua zaidi ya tembo elfu moja. Hivyo watu wawili wa nchi moja na kizazi kimoja walifanya kazi ileile kwa silaha zilizotofautiana sana.

Tofauti yenyewe inaonekana katika takwimu. Risasi ya .577 ina uzito wa gramu 48.6, upana wa karibu milimita 15 na kasi ya takriban mita 625 kwa sekunde. Risasi ya Bell ilikuwa na gramu 11.2, upana wa milimita 7.2 na kasi ya takriban mita 700 kwa sekunde. Kwa nishati, ile kubwa inaizidi ndogo zaidi ya mara tatu. Lakini tukigawanya uzito kwa eneo la mbele la risasi, kila milimita ya mraba ya risasi kubwa inasukumwa na gramu 0.28, na ya ile ndogo gramu 0.27. Kwa hesabu hiyo risasi nyembamba na ndefu inaweza kupenya karibu sawa na ile nene, mradi isivunjike wala kubadilika umbo. Ndiyo maana Bell alitumia risasi za kijeshi zilizofunikwa gamba gumu, zisizopanuka zinapogonga mfupa.

Kupenya peke yake hakutoshi. Ubongo wa tembo umekaa chini na nyuma katika kichwa kikubwa, umezungukwa na mfupa wenye matundu kama sega la nyuki. Risasi inayokosa ubongo kwa sentimita chache, hata iwe ya kaliba gani, humwacha mnyama akiwa hai na mwenye hasira. Bell alipasua mafuvu kwa msumeno, akachora ramani ya ubongo kutoka kila upande, na akajifunza kuupiga hata akiwa nyuma ya tembo kwa mshazari. Pigo hilo la nyuma linaitwa kwa jina lake mpaka sasa.

Sababu nyingine zilikuwa za kawaida. Bunduki yake ilikuwa na uzito wa kilo tatu na ushee, ilhali .577 ilikaribia kilo sita, na mtu anayetembea kutwa nzima juani huuhisi uzito huo. Haikumpiga bega kwa nguvu, kwa hiyo hakuyumba. Mlio wake ulikuwa mdogo, na mara nyingi kundi halikukimbia baada ya tembo wa kwanza kuanguka. Zaidi ya hayo, risasi zilizotengenezwa Ujerumani zilikuwa za kuaminika; aliacha kutumia bunduki nyingine kwa sababu ya risasi mbovu, si kwa sababu ya kaliba yake.

Vita na miaka ya baadaye

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Bell alijifunza urubani na kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Alitumikia katika eneo ambalo leo ni Tanzania, kisha Ugiriki na nchi za Balkani, na akatunukiwa nishani ya Military Cross. Inasimuliwa kwamba mwanzoni alipenda kuruka bila mwangalizi ili aweze kufyatua bunduki yake ya kuwindia akiwa angani.

Alimwoa Kate Soares, na baada ya safari za mwisho za uwindaji Afrika Magharibi na ya Kati walihamia Corriemoillie, shamba lililoko Ross-shire kaskazini mwa Uskoti. Kabla ya Vita Kuu ya Pili alishiriki mashindano ya mashua za matanga kwa mashua yake iitwayo Trenchemer. Aliandika na kuchora picha za vitabu viwili, kimoja cha mwaka 1923 na kingine cha mwaka 1949. Cha tatu kilitolewa mwaka 1960, baada ya kifo chake. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1954.

Kulungu wa Uskoti

Katika uzee wake Bell aliwinda kulungu wekundu kwenye milima ya Uskoti. Kulungu wa Ulaya si ndugu wa karibu wa mbawala na swala wa Afrika Mashariki: dume hudondosha pembe zake kila mwaka na kuota mpya. Dume mkubwa huzidi kilo mia moja.

Kwa mnyama huyu pia Bell alichagua risasi ndogo. Alisifu .220 Swift, iliyotolewa na kampuni ya Winchester ya Marekani mwaka 1935. Risasi yake ilikuwa na gramu 3.1 tu lakini ilitoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde. Hapa kanuni ilikuwa tofauti na ile ya tembo. Risasi ya tembo ilipaswa kubaki nzima na kupenya mbali. Risasi ya Swift ilifanya kazi kwa kupasuka ndani ya kifua. Ikipiga mbavu, kulungu huanguka papo hapo. Ikigonga mfupa mnene wa bega, inaweza kupasuka juu juu na kumwacha mnyama akikimbia na jeraha.

Hatari hiyo ndiyo iliyozingatiwa na watunga sheria. Kanuni za Uskoti za mwaka 1985 ziliagiza kwamba risasi ya kulungu mwekundu iwe na uzito usiopungua gramu 6.5, kasi isiyopungua mita 747 kwa sekunde na nishati isiyopungua jouli 2,370, tena iwe ya aina inayopanuka. Kwa kanuni hizo .220 Swift ya Bell haikuruhusiwa tena kwa kulungu huyo. Bunduki ya milimita 7 inatimiza masharti hayo vizuri ikiwa na risasi inayofaa.

Tathmini

Mfano wa Bell hutumiwa mara nyingi kuthibitisha kwamba kaliba ndogo inatosha kwa kila mnyama. Maisha yake hayathibitishi hivyo. Alikuwa mpigaji wa kipekee, aliyajua mafuvu ya tembo kuliko wawindaji karibu wote wa wakati wake, na aliwinda katika nchi ya wazi ambako aliweza kusubiri mpaka mnyama akae anavyotaka. Mtu asiye na ujuzi huo akitumia bunduki hiyohiyo anaweza kujeruhi tu, na tembo au nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwa mkulima na mchota maji watakaokutana naye kesho yake. Kwa sababu hiyo sheria za nchi nyingi hazimpimi mwindaji bora bali wa kawaida. Nchini Tanzania, wawindaji wa kitalii wanaotafuta wanyama hatari hutakiwa kutumia kaliba isiyo chini ya .375, yaani milimita 9.5, kubwa kuliko karibu bunduki zote alizopenda Bell.

Aidha, ustadi wake uliongeza kasi ya maangamizi. Bunduki nyepesi, yenye mlio mdogo na risasi za bei nafuu ilimwezesha mtu mmoja kuua tembo wengi zaidi kwa siku moja, na waliotangulia kuuawa walikuwa madume wenye pembe kubwa kabisa. Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo ilianzishwa mwaka 1962 katika pembe ya kaskazini ya Karamoja, na biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Hesabu ya tembo 1,011, ambayo enzi zake ilikuwa sifa, leo husomwa pia kama kumbukumbu ya hasara.