Gerbault, staa wa tenisi aliyefuatwa na mashua yake ufukweni

KUNA mastaa wakistaafu wanageukia ukocha, wengine uchambuzi. Alain Gerbault wala hakusubiri kustaafu. Akiwa bado anatamba kwenye tenisi ya Ufaransa, alinunua mashua kuukuu ya matanga na kuingia baharini peke yake.

Jamaa alizaliwa Laval, Ufaransa, mwaka 1893. Vita ya Kwanza ya Dunia ilimkuta kijana, akawa rubani wa kivita. Huko ndiko alikoanza kusoma vitabu vya safari za bahari, na yeye na wenzake wawili wakapanga kusafiri pamoja vita ikiisha. Vita ikaisha, wale wawili wameshakufa. Akabaki yeye na ndoto ya watu watatu.

Mashua yenyewe, Firecrest, iliundwa Uingereza mwaka 1892, kwa hiyo ilimzidi umri. Urefu kama mita 12, nyembamba, injini hakuna. Mwaka 1923 alitoka nayo Gibraltar hadi New York kwa siku 101. Matanga yalichanika akayashona, maji ya kunywa yakaharibika akajipimia kidogo kidogo. Alipofika, jina lake lilikuwa kubwa kuliko alivyowahi kuwa uwanjani.

Wengi wangeishia hapo. Yeye mwaka 1924 akang'oa nanga tena, akapita Panama na kuingia Pasifiki: Galapagos, Marquesas, Tahiti, Bora Bora. Visiwani huko alicheza soka na vijana kama mmoja wao.

Mwaka 1926 akafika Wallis, kisiwa kidogo kati ya Fiji na Samoa. Kimezungushiwa mwamba wa matumbawe wenye milango michache tu. Ukishaingia ndani, maji ni shwari. Lakini upepo ukigeuka, miamba ile ile iliyokukinga ndiyo inayokumaliza.

Na ukageuka kweli. Dhoruba ilikata mnyororo wa nanga, Firecrest ikatupwa juu ya matumbawe, ikawa inapigwa bila huruma. Gerbault akajua mechi imeisha. Akajitosa, akaogelea kuokoa roho.

Sasa sikia maajabu. Alipofika ufukweni, mashua nayo ikaja nyuma yake! Boliti zilizoshika mkuku, lile pande zito la risasi chini kabisa ya chombo, zilikuwa zimeliwa na kutu. Mkuku uking'oka, mashua ikawa nyepesi, mawimbi yakaivusha mwamba na kuileta mchangani.

Furaha hiyo haikudumu. Mashua bila mkuku ni kama timu bila beki wa kati: ukitweka tanga tu, inalala. Na Wallis hakukuwa na karakana wala fundi wa kazi hiyo. Kwa takriban miezi minne bingwa huyo hakuwa na kitu zaidi ya ukarimu wa wenyeji. Walimsaidia kunusuru chombo, wakaishi naye. Mkuku ulipatikana majini, na meli ya jeshi la Ufaransa, Cassiopée, ilipofika, mafundi wake wakaufunga upya.

Julai 26, 1929 akatia nanga Le Havre, dunia ameshaizunguka. Ufaransa ikampokea kama shujaa. Angeweza kula jina lake mpaka uzeeni.

Lakini moyo ulishabaki visiwani. Mwaka 1932 akaondoka na mashua mpya, akarudi Polynesia. Akavaa shuka kiunoni kama wenyeji, akagombana na watawala na wamisionari, akiandika kwamba wanawanyang'anya watu ngoma zao, michezo yao na desturi zao.

Siasa ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1940 alimuunga mkono Pétain, visiwa vikaenda upande wa de Gaulle. Akatweka tanga kuelekea magharibi, na safari hii hakukuwa na ufukwe wa kumpokea. Desemba 16, 1941, malaria ilimuua Dili, Timor, akiwa na miaka 48, mbali na wote aliowapenda.

Mwaka 1947 mabaki yake yaliletwa Bora Bora. Kaburi lipo Vaitape, karibu na gati. Mwanamume aliyezunguka dunia peke yake alizikwa kati ya watu aliocheza nao mpira.