Mtakatifu Agostino, Mkatekumeni wa Miaka Mingi

Ninyi mnaojitayarisha kupokea Ubatizo, pengine mwaona miaka ya mafundisho kuwa mirefu. Basi sikilizeni habari za mtu aliyehesabiwa mkatekumeni tangu utoto wake, asibatizwe mpaka alipokuwa na umri wa miaka 32, naye akawa mwalimu mkubwa wa Ekleziya.

Agostino alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Tagaste, Afrika ya Kaskazini, katika nchi iitwayo leo Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa mpagani. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristu mwenye imani hodari. Kwa desturi ya siku zile mtoto alitiwa alama ya msalaba na kuonjeshwa chumvi. Siku moja alishikwa na ugonjwa wa tumbo, ikadhaniwa atakufa, naye mwenyewe akaomba kubatizwa. Lakini alipopona ghafula Ubatizo ukaahirishwa, kwa kuwa waliogopa dhambi za ujana zitakazofuata.

Nazo zikafuata. Alipopelekwa masomoni Kartago aliishi na mwanamke bila ndoa, akazaa naye mwana, jina lake Adeodatus. Alipokuwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero, moyo wake ukawaka kwa kutaka hekima. Akafungua Maandiko Matakatifu, akayadharau, maana aliyaona ya kishamba mbele ya Kilatini cha wasomi.

Ndipo akawaendea Wamanikeo, wafuasi wa Mani. Watu hao waliwacheka Wakatoliki kwa sababu huwaomba watu wasadiki kwanza. Wao waliahidi kueleza yote kwa akili: asili ya uovu, mwendo wa jua, mwezi na nyota. Ahadi hiyo ilimnasa kijana aliyetamani kujua kwa hakika. Akawafuata miaka 9.

Lakini alisoma pia vitabu vya wenye elimu ya nyota. Hao waliweza kutaja mbele siku na saa ya kupatwa kwa jua au mwezi, na ikawa hivyo. Vitabu vya Mani vilieleza mambo hayo kwa namna nyingine, isiyopatana na hesabu wala na macho. Agostino akauliza, wakamwambia angoje mpaka aje Faustus, askofu wao mwenye sifa kubwa. Faustus akaja. Alikuwa msemaji mtamu, ila alipoulizwa habari za nyota alikiri kwamba hajui. Agostino alimpenda kwa unyofu huo, maana wengine walikuwa wakiropoka tu. Lakini tumaini lake kwa Mani likavunjika. Mtu anayejiita mjumbe wa Mungu, naye akikosea katika mambo tuwezayo kuyapima, nani atamsadiki katika yale yasiyoonekana?

Mwaka 383 akavuka bahari kwenda Roma, na mwaka uliofuata akaenda Milano kufundisha. Sasa alielemea upande wa pili, kwa wanafalsafa waliosema kwamba mwanadamu hawezi kujua neno lolote kwa yakini. Alitaka kuwa na hakika ya mambo ya Mungu kama alivyo na hakika kwamba 7 na 3 ni 10. Alipoikosa, akaogopa kusadiki chochote. Mwenyewe alijifananisha na mgonjwa aliyeumizwa na mganga mbaya, kisha akamwogopa hata mganga mwema.

Huko Milano alimsikiliza askofu Ambrosi. Akatambua kwa haya kwamba mengi aliyoyacheka miaka yote hayakuwa mafundisho ya Ekleziya hata kidogo. Alidhani Wakatoliki husadiki kwamba Mungu ana mwili na viungo kama sisi; kumbe sivyo. Akaanza kufikiri tena. Je, yeye hakusadiki habari za miji asiyoiona kamwe? Na kwamba Patricius na Monika ndio wazazi wake, alilijuaje ila kwa kuambiwa na watu? Anayekataa yote asiyoyaona kwa macho hawezi kuishi na jamaa yake hata siku moja. Lililobaki lilikuwa kumpima shahidi kama ni mwaminifu.

Mashaka yalikwisha kabla ya minyororo ya dhambi. Jambo hili tulishike: alikuwa amekwisha kujua njia, naye bado hakuenda. Mwaka 386, bustanini, alisoma maneno ya Mtume Paulo, na moyo wake ukafunguliwa. Ambrosi akambatiza pamoja na Adeodatus usiku wa Pasaka wa mwaka 387. Monika alikufa mwaka huohuo huko Ostia, amekwisha kuona alichokililia.

Mwaka 391 alipewa upadri huko Hippo, baadaye akawa askofu. Aliwafundisha wakatekumeni Nasadiki kwa moyo, bila kuiandika. Alimwandikia shemasi mmoja wa Kartago namna ya kuwafundisha wanaoanza, akamshauri amtazame msikilizaji, na akimwona amechoka kwa kusimama, ampe kiti. (Makatekista nao wasome hapo!)

Katika Nasadiki hakuyumba. Lakini roho ya mtoto hutoka wapi, kwa wazazi au kwa kuumbwa upya na Mungu? Kijana mmoja alimlaumu kwa kutokata shauri. Yeye akajibu kwamba heri kukiri kutojua kuliko kufundisha usichokijua. Baadaye Ekleziya ilifundisha wazi kwamba Mungu huumba kila roho. Agostino alikufa hajaamua. Juu ya siku za uumbaji aliandika mara kadhaa, akiuliza zaidi kuliko kujibu. Tena aliwaonya Wakristu wasitumie Maandiko kubishana ovyo juu ya nyota mbele ya wanaozijua, wasije wakaicheka imani yenyewe. Hakuwa amemsahau Mani.

Katika uzee, yapata mwaka 426, alianza kusoma tena vitabu vyake vyote, akiandika hadharani palipokuwa na kosa au neno lisilo hakika. Alipitia maandiko 93, lakini barua na mahubiri hakuyamaliza. Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo. Agostino, akiwa na homa, aliomba zaburi za toba zibandikwe ukutani karibu na kitanda chake, akazisoma akilia. Akafa tarehe 28 Agosti. Hakuacha wasia, kwa kuwa hakuwa na mali. Aliagiza tu vitabu vya kanisa vitunzwe vizuri.