Poul la Cour: Mwalimu wa Denmark aliyewasha taa za shule kwa hidrojeni

Wakati nchi za Umoja wa Ulaya zikiwa katika kazi ya kuingiza hidrojeni kwenye sheria zao za gesi, jina moja la zamani limeanza kutajwa tena nchini Denmark: Poul la Cour. Zaidi ya karne moja iliyopita alitumia upepo kutengeneza hidrojeni, akaihifadhi na kuitumia kila jioni.

La Cour alizaliwa Aprili 13, 1846, katika familia ya wakulima karibu na mji mdogo wa Ebeltoft, kwenye rasi ya Jutland. Alisomea fizikia na utabiri wa hali ya hewa, akafanya kazi katika taasisi ya taifa ya hali ya hewa mjini Copenhagen. Huko alivumbua mbinu za kupitisha ujumbe kadhaa wa simu ya maandishi kwenye waya mmoja. Angeweza kutafuta mali kwa uvumbuzi huo. Badala yake, mwaka 1878 alihamia kijiji cha Askov kufundisha katika chuo cha wananchi.

Vyuo hivyo viliwapokea vijana wa mashambani, bila mitihani. Wasomaji wa Tanzania wanavijua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden. Mizizi ya wazo hilo iko Denmark.

Kilichomsumbua la Cour ni kwamba umeme ulikuwa unaingia mijini tu, na vijana wakiufuata huko. Kijiji hakikuwa na makaa ya mawe, ila upepo ulikuwepo. Mwaka 1891, kwa fedha za serikali, alijenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. Tatizo likawa lile lile linalowaumiza wahandisi hadi leo: upepo hautulii. Kwanza alibuni chombo cha kusawazisha mzunguko wa kinu ili umeme usipande na kushuka. Kisha ikabaki kazi ngumu zaidi, ya kuuweka umeme akiba.

Betri za wakati huo zilikuwa ghali, hivyo akapitisha umeme kwenye maji ili kutenganisha hidrojeni na oksijeni. Gesi hizo zilihifadhiwa kwenye matangi, na kuanzia mwaka 1895 hadi 1902 taa za chuo cha Askov ziliwaka kwa hidrojeni hiyo.

Haikuwa kazi salama. Oksijeni kidogo tu ikichanganyika na hidrojeni, mchanganyiko huo hulipuka, na madirisha ya majengo ya chuo yalilazimika kubadilishwa mara kadhaa. Ni bahati kubwa kwamba hasara ilikuwa ya vioo. Kinu, tangi, bomba na taa vyote vilikuwa vya chuo kimoja, kwa hiyo mdhibiti wa usalama alikuwa la Cour mwenyewe.

Baadaye aligeukia betri. Aligundua pia, kwa majaribio ya kupuliza hewa ndani ya bomba kubwa, kwamba kinu chenye mapanga machache yanayozunguka kwa kasi huzalisha zaidi ya kile chenye mapanga mengi. Mwaka 1903 alishiriki kuanzisha chama cha kueneza umeme wa upepo vijijini, na mwaka uliofuata akaanza kuwafundisha vijana wa mashambani ufundi wa umeme. Nadhani hao mafundi ndio waliokuwa kazi yake kubwa kuliko mashine yoyote. Alifariki Aprili 24, 1908, akiwa na umri wa miaka 62.

Leo hidrojeni inatakiwa kusafiri kutoka mzalishaji mmoja hadi mnunuzi wa nchi nyingine, na hapo ndipo sheria inapoingia. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mpya za soko la gesi na hidrojeni. Zinaeleza nani anaruhusiwa kumiliki mabomba, na kwamba mafuta au gesi haiwezi kuitwa ya kaboni kidogo kama haipunguzi uchafuzi kwa angalau asilimia 70 ikilinganishwa na nishati ya kisukuku.

Kanuni nyingine, ya mwaka 2023, inagusa swali lile lile la Askov. Ili hidrojeni ihesabiwe kuwa ya nishati jadidifu, kuanzia mwaka 2030 umeme uliotumika lazima uwe umezalishwa katika saa hiyo hiyo. Wenye viwanda wanalalamika kwamba sharti hilo linapandisha gharama. Watetezi wake wanasema bila hilo, upepo usipovuma pengo litazibwa na mitambo ya makaa ya mawe, huku hidrojeni ikiendelea kuuzwa kwa jina la usafi. La Cour hakuwa na mgogoro huo: kinu kiliposimama, hakuna gesi iliyotengenezwa.

Machi 2023, Denmark na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya kuandaa bomba la hidrojeni kati yao. Litaanzia Jutland, rasi ile ile ya Askov.