Edward Sokoine: Mtoto wa Monduli aliyewavalia njuga walanguzi

Jina lake hutajwa kila siku jijini Arusha, kwa kuwa barabara kuu inayokatiza katikati ya mji inaitwa Barabara ya Sokoine. Kwa vijana wengi jina hilo ni la barabara tu, au la chuo kikuu cha kilimo kilichoko Morogoro. Kwa wazee, ni jina la Waziri Mkuu aliyewakosesha usingizi walanguzi. Sokoine alikuwa nani, na kazi yake inatufundisha nini leo?

Kutoka Monduli hadi Uwaziri Mkuu

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938 huko Monduli, upande wa magharibi wa Mlima Meru, katika jamii ya wafugaji wa Kimaasai. Alisoma Monduli, kisha Sekondari ya Umbwe mkoani Kilimanjaro. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, alijiunga na chama cha TANU. Baadaye alikwenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala, akarudi kufanya kazi serikalini katika Wilaya ya Masai. Mwaka 1965 wananchi wa huko walimchagua kuwa mbunge wao.

Alipanda ngazi haraka. Mwaka 1967 alikuwa naibu waziri, na mwaka 1972 akawa Waziri wa Ulinzi. Februari 1977 Rais Julius Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu. Aliondoka katika nafasi hiyo mwaka 1980 kwa sababu za afya, akarejeshwa Februari 1983. Kipindi hicho cha pili hakikufika hata miezi 14, lakini ndicho kilichomjengea jina.

Nchi iliyokosa sabuni

Sokoine alirudi madarakani wakati mgumu. Vita dhidi ya Idi Amin, mwaka 1978 na 1979, vilikuwa vimekausha hazina. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Sukari, sabuni, nguo na mafuta ya kula vilipatikana kwa foleni ndefu. Aliyekuwa na fedha alinunua kwa bei ya ulanguzi, na asiye nazo alikosa.

Mkoa wa Arusha ulikuwa na tatizo la ziada. Mpaka wa Tanzania na Kenya, pamoja na kituo cha Namanga, ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Biashara halali iliposimama, magendo yalishika nafasi yake kupitia njia za panya.

Ulanguzi haukuwa kazi ya wafanyabiashara peke yao. Bidhaa nyingi zilisambazwa na mashirika ya umma, hivyo mlanguzi alihitaji mtu wa ndani: mwenye vibali, mwenye ufunguo wa ghala, au anayekubali kufumba macho.

Wakati huohuo Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliitaka Tanzania ishushe thamani ya shilingi na ipunguze matumizi ya serikali ndipo ipate mkopo. Nyerere alikataa, akiona kwamba wageni hawapaswi kuipangia nchi sera zake. Kwa hiyo serikali ilibanwa pande mbili: nje na wakopeshaji, ndani na wahujumu.

Msako wa 1983

Machi 1983 msako dhidi ya wahujumu uchumi ulianza, na Sokoine akawa mbele. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa nchini. Wengine walitupa bidhaa vichakani na barabarani usiku ili wasikutwe nazo.

Vyombo vya dola havikufanya kazi hiyo peke yao. Wananchi walihimizwa kutoa taarifa, nao walitoa: nani ameficha magunia, nyumba gani ina shehena, afisa gani anashirikiana na nani. Kwa mara ya kwanza wanyonge wengi waliona wakubwa nao wakiulizwa.

Lakini msako ulikuwa na kasoro kubwa. Bunge lilipitisha sheria maalumu mwaka huo, na kesi zikapelekwa kwenye baraza maalumu badala ya mahakama za kawaida. Washtakiwa hawakuruhusiwa kuwa na wakili wala kupewa dhamana. Aliyesingiziwa na jirani mwenye chuki alikuwa na nafasi ndogo ya kujitetea. Mwaka 1984 sheria hiyo ilifutwa na kuwekwa nyingine, iliyorudisha kesi hizo chini ya Mahakama Kuu.

Pia msako uliweza kufichua bidhaa zilizofichwa, lakini haukuweza kutengeneza mpya. Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ilikubaliana na IMF.

Kifo cha ghafla

Sokoine hakuyaona hayo. Aprili 12, 1984, akitoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam, gari lake liligongana na gari jingine eneo la Dakawa, Morogoro. Alikuwa na miaka 45. Dereva wa gari hilo alikuwa mkimbizi kutoka Afrika Kusini, na hilo lilizaa uvumi mwingi kuhusu mkono wa watu. Serikali ilitangaza kuwa ni ajali. Alizikwa kwao, Monduli Juu.

Alichotuachia

Maisha ya Sokoine yanaonyesha kwamba rushwa hutikisika pale kiongozi asipoogopa wakubwa na mwananchi asipoogopa kusema. Yanaonyesha pia kwamba taarifa bila sheria ya haki inaweza kumuumiza asiye na kosa.

Leo zipo njia ambazo hazikuwepo wakati wake. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema, akiwa na sababu za kuamini kuwa ni ya kweli. Anayejua kuwa mbolea ya ruzuku inauzwa kwa mlango wa nyuma kijijini kwake anaweza kupiga simu TAKUKURU bila malipo kwa namba 113. Aseme alichokiona, wapi na lini, na kazi ya kuthibitisha awaachie wachunguzi na mahakama.